Tamthilia za Sun Li: Mwongozo Kamili kwa Aliyekwishaishia Njiani

Wasomaji wanaoniandikia kuhusu Sun Li, mwigizaji wa kike wa China, huleta malalamiko yanayofanana mno. Mtu ameanza kutazama Zhen Huan Zhuan, tamthilia inayojulikana kimataifa kwa jina la Empresses in the Palace, akafika sehemu ya tano au ya sita, na hapo akakuta kundi la wanawake waliovaa mavazi yanayokaribiana, wenye majina mafupi yanayokaribiana, wakiitana dada huku wakichukiana. Anazima simu. Baada ya miezi kadhaa anajaribu tena tangu mwanzo, na anaishia palepale.

Kwa maoni yangu tatizo ni mpangilio. Watu huanza na kazi yake ngumu kuliko zote kwa sababu ndiyo maarufu kuliko zote, tena mara nyingi huanza na toleo lililokatwakatwa, bila kujua vyeo vinavyoendesha hadithi nzima. Hatua zifuatazo zinafuata mpangilio ambao mimi nimeuona ukifanya kazi, kwangu na kwa wale walioufuata bila kuruka.

## Vitu vya kuandaa

Muda. Tamthilia hizi ni ndefu. Sehemu moja huchukua takriban dakika 45, na tamthilia mbili za kwanza katika mwongozo huu zina jumla ya sehemu 150. Panga sehemu mbili kwa siku. Ukitazama sita kwa usiku mmoja, kesho utakuwa umesahau majina.

Bando la kutosha. Tazama sehemu moja kwa ubora wa picha unaoutaka, angalia kiasi cha bando kilichotumika, kisha zidisha kwa idadi ya sehemu. Fanya hesabu hii kabla ya kuanza, kwa maana wengi hukatikiwa na bando mahali pabaya zaidi pa hadithi na hawarudi tena.

Daftari na kalamu. Usilipuuze hili. Nitaeleza matumizi yake katika hatua ya tatu na ya tano.

Majina ya tamthilia kwa herufi za Kichina. Majina ya Kiingereza hubadilika kutoka jukwaa moja hadi jingine, lakini herufi hazibadiliki. Nakili haya: 那年花开月正圆 (Nothing Gold Can Stay), 甄嬛传 (Zhen Huan Zhuan), 芈月传 (The Legend of Mi Yue), 安家 (I Will Find You a Better Home), 理想之城 (The Ideal City).

## Hatua ya kwanza: Mpate Sun Li aliye sahihi

Wapo waigizaji wawili wa kike ambao majina yao, yakiandikwa kwa herufi za Kilatini, ni yaleyale. Tunayemzungumzia ni 孙俪, mzaliwa wa Shanghai, 1982. Mwingine ni 孙莉, mke wa mwigizaji Huang Lei. Hata Mchina akiyasikia majina hayo kwa sikio tu hawezi kuyatofautisha, kwa kuwa matamshi ni yaleyale. Ni herufi ya pili pekee inayotenganisha.

Kwa hiyo tafuta kwa herufi za Kichina, au kwa jina la Betty Sun, ambalo orodha nyingi za kimataifa humtambulisha nalo. Kumbuka pia kwamba kwa Wachina jina la ukoo hutangulia: Sun ni ukoo, Li ni jina lake.

*Dalili ya kufaulu:* orodha ya kazi zake iliyo mbele yako ina Zhen Huan Zhuan ya mwaka 2011. Kama haimo, umempata mtu mwingine.

## Hatua ya pili: Kagua toleo kabla ya kubonyeza

Zhen Huan Zhuan kamili ina sehemu 76, yaani takriban saa 57. Mwaka 2015 lilitoka toleo la soko la Marekani lililoonyeshwa na Netflix, ambalo hadithi hiyohiyo imebanwa katika vipande 6 vya dakika tisini kila kimoja. Hizo ni saa 9. Hesabu mwenyewe ni mambo mangapi yameachwa.

Aliyeanza na toleo hilo fupi hana makosa akisema hakuelewa chochote. Chuki zinazojengwa polepole kwa sehemu kumi zinamfikia zikiwa zimekwishaiva, na watumishi ambao uaminifu wao ndio uzito wa hadithi wanapita kama kivuli.

Onyo: ukipata tamthilia imepakiwa na mtu binafsi, nenda kwanza kwenye sehemu ya mwisho na ulinganishe namba. Nothing Gold Can Stay ina sehemu 74, The Legend of Mi Yue ina 81, I Will Find You a Better Home ina 53, na The Ideal City ina 40. Niliwahi kufika sehemu ya sitini na kitu ya tamthilia moja nikagundua kwamba zilizobaki hazikuwahi kupakiwa. Hasira ya siku hiyo ndiyo iliyonifundisha kuanzia mwisho.

Huenda ukajiuliza kwa nini za karibuni ni fupi. Mwanzoni mwa 2020 mamlaka ya utangazaji ya China ilitoa mwongozo ikihimiza tamthilia zisizidi sehemu 40. Kwa hiyo urefu wa zile za zamani hautokani na hadithi peke yake.

*Dalili ya kufaulu:* idadi ya sehemu inalingana, na sehemu ya mwisho inafunguka.

## Hatua ya tatu: Anza na Zhou Ying

Hapa ndipo ninapotofautiana na orodha nyingi. Tamthilia ya kwanza iwe Nothing Gold Can Stay ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Ding Hei.

Sun Li anaigiza kama Zhou Ying, mwanamke aliyeishi kweli huko Jingyang, jimbo la Shaanxi, mwishoni mwa utawala wa nasaba ya Qing. Hadithi inamchukua kutoka kuwa binti wa mitaani, anayeuzwa kama mtumishi katika nyumba ya matajiri, hadi kuwa mjane anayesimamia biashara ya ukoo wa Wu wakati ambapo mwanamke hakutarajiwa hata kuingia dukani na kufungua daftari la hesabu.

Sababu za kuanzia hapa ni tatu. Kwanza, mhusika mkuu ni mmoja na anaonekana tangu mwanzo, hivyo jicho lako lina mtu wa kumfuata. Pili, magomvi yake ni ya biashara: bei, deni, bidhaa mbovu, mshindani anayenunua mzigo wote sokoni ili mwenzake akose. Yeyote aliyewahi kukaa Kariakoo au Gikomba atayaelewa bila kufafanuliwa. Tatu, na hii ndiyo muhimu kuliko zote, hapa Sun Li anaigiza kwa mwili mzima. Zhou Ying anakimbia, anakula kwa pupa, anacheka akionyesha meno, anapiga kelele. Ukishamzoea hivyo, utakapomwona baadaye akiwa Zhen Huan, mhusika mkuu wa Zhen Huan Zhuan, amekaa kimya na amesogeza kope tu, utajua kwamba utulivu ule ni kazi.

Zingatia koo mbili, Wu na Shen. Ziandike kwenye kurasa mbili zinazotazamana, na kila mhusika mpya umweke kwenye ukurasa wa ukoo wake. Chen Xiao anaigiza kama Shen Xingyi, kijana mtundu wa ukoo wa Shen. Peter Ho anaigiza kama Wu Pin, mrithi mpole wa ukoo wa Wu. Ukiwajua hao wawili na Zhou Ying, sehemu kumi za kwanza hazitakusumbua.

Onyo: sehemu za mwanzo zina uchekeshaji mwingi, na baadhi ya watazamaji huzidharau wakidhani tamthilia yote itakuwa hivyo. Haitakuwa hivyo. Vumilia hadi nyumba ya Wu ikumbwe na msiba wake, kisha uamue.

*Dalili ya kufaulu:* unaweza kumweleza mtu wa nyumbani kwako, bila daftari, kwa nini koo hizi mbili hazipatani.

## Hatua ya nne: Zoea sauti na maandishi

Watazamaji wengi wa Afrika Mashariki walizoea tamthilia za Kichina zikizungumza Kiswahili. Ile ya Doudou na mama wakwe zake, ambayo nyota wake ni Hai Qing, ilirushwa na TBC mwaka 2011 ikiwa na sauti za Kiswahili, na tangu hapo wengi wamezoea kusikiliza huku wakiendelea na kazi nyingine. Kwa tamthilia ninazozitaja hapa huenda ukalazimika kusoma maandishi yaliyo chini ya kioo, kwa hiyo usizitazame ukipika.

Pia usishtuke ukiona midomo na sauti havilingani sawasawa. Katika Zhen Huan Zhuan sauti unayoisikia si ya Sun Li mwenyewe. Ni ya mwigizaji wa sauti Ji Guanlin, ambaye pia alimsemea katika The Legend of Mi Yue. Jambo hili ni la kawaida China, ambako lahaja za waigizaji hutofautiana na kelele za uwanja wa kupigia picha ni nyingi. Ninalitaja kwa sababu wapo walionilalamikia kwamba wamepata toleo la bandia, ilhali toleo lilikuwa sahihi kabisa.

Jaribu dakika kumi za sehemu yoyote ya Zhen Huan Zhuan kabla hujaanza rasmi. Kama maandishi yanatoweka kabla hujamaliza kuyasoma, tafuta mahali pengine. Kama tafsiri inabadilisha jina la mtu mmoja kila mara, pia iache. Katika tamthilia yenye wahusika wengi namna hii, kosa hilo litakuangusha.

*Dalili ya kufaulu:* unasoma maandishi na bado unapata muda wa kuangalia uso wa anayezungumza.

## Hatua ya tano: Chora ngazi ya vyeo

Sasa fungua daftari. Zhen Huan Zhuan, iliyoongozwa na Zheng Xiaolong, inahusu wake wa mfalme Yongzheng wa nasaba ya Qing, na kila kinachotokea ndani yake kinatokana na cheo. Chora ngazi hii, kutoka chini kwenda juu:

1. daying
2. changzai
3. guiren
4. pin (nafasi 6)
5. fei (nafasi 4)
6. guifei (nafasi 2)
7. huang guifei (nafasi 1)
8. huanghou, malkia (nafasi 1)

Namba zilizo kwenye mabano ndizo ufunguo. Vyeo vitatu vya chini havina kikomo, lakini kuanzia pin nafasi zinahesabika. Ngazi ikijaa, kupanda kwa mmoja kunategemea kuondoka kwa mwingine, na mtazamaji asiyelijua hilo huona ukatili usio na sababu mahali ambapo kuna hesabu ya wazi.

Halafu jambo linalowachanganya wengi zaidi: jina na cheo huandikwa pamoja. Hua Fei si jina la ukoo wala la kuzaliwa. Hua ni jina la heshima alilopewa na mfalme, Fei ni cheo. Ukoo wake ni Nian, na kaka yake ni jenerali Nian Gengyao. Zhen Huan mwenyewe anaingia kasrini akiwa Wan Changzai, kisha atakuwa Wan Guiren, kisha Wan Pin, na safari haiishii hapo. Jing Pin akipandishwa anakuwa Jing Fei. Mtu ni yuleyule. Kwa hiyo katika daftari lako andika jina la heshima kwa wino, na cheo kwa penseli.

Ongeza safu ya makazi. Malkia anakaa Jingren, Hua Fei anakaa Yikun, na Zhen Huan anapangiwa Suiyu, makazi madogo yaliyo mbali. Mara nyingi tukio huanza kwa kuonyesha lango la jumba, na aliyeandika makazi huwa tayari anajua nani atazungumza.

Mwisho, zoeza sikio maneno matano. *Zhen* ni "mimi" ya mfalme peke yake. Usiichanganye na ukoo wa Zhen Huan. *Bengong* ni "mimi" ya mke mwenye cheo cha juu. *Chenqie* ni "mimi" ya mke anaponyenyekea kwa mfalme. *Niangniang* ni namna ya kumwita mke wa cheo cha pin na kuendelea, na *xiaozhu* ni ya wale wa chini yao. Msemaji wa Kiswahili ana faida hapa, kwa kuwa amekua akijua kwamba shikamoo inayokosekana ni tusi. Mke wa cheo kidogo akithubutu kujiita *bengong*, maandishi ya tafsiri yataandika "mimi" tu, lakini wewe utakuwa umesikia kiburi chake.

Kuhusu lile neno "dada": hawa ni wake wenza. Wanaitana *jiejie*, dada mkubwa, na *meimei*, dada mdogo, kwa mujibu wa adabu ya kasri. Neno hilo peke yake lisikudanganye kuhusu mapenzi.

*Dalili ya kufaulu:* una ukurasa mmoja wenye ngazi, majina na makazi, nao uko karibu na kioo.

## Hatua ya sita: Tazama sehemu kumi za kwanza polepole

Tazama moja kwa siku, usizidishe. Hizi ndizo sehemu ambazo watu huachia, na sababu yake ni kwamba kila mtu anatambulishwa kwa wakati mmoja.

Tukio la kwanza la kulishika ni la uteuzi wa wasichana. Anayechaguliwa hupewa kifuko cha manukato. Anayekataliwa hupewa ua. Mtazamaji asiyejua hudhani ua ni zawadi. Watatu wa kuwaandika siku hiyo ni Zhen Huan, Shen Meizhuang na An Lingrong, kwa sababu urafiki wa hawa watatu ndio uti wa mgongo wa tamthilia nzima. Linganisha vyeo wanavyoanzia: Meizhuang ni guiren, Zhen Huan ni changzai, Lingrong ni daying. Wasichana watatu wanaopendana, na tayari wako kwenye vidato vitatu tofauti. Weka alama hapo.

Kisha angalia kwamba Zhen Huan, akishaona yanayowapata wengine, anajisingizia ugonjwa ili asiitwe kwa mfalme, kwa msaada wa tabibu Wen Shichu. Wengi huona sehemu hizi zimepoa. Mimi naziona kuwa ndizo zinazotufundisha mhusika: msichana mwenye akili ya kutosha kujua kwamba kupendwa na mfalme ni hatari. Yote yatakayofuata yanapimwa kwa kipimo hicho.

Jambo la pili la kulitazama kwa makini ni harufu na dawa. Kwa msomaji wa Unguja au Mombasa, miski ni harufu ya harusi na ya Idi. Ndani ya kasri hili miski inaogopwa, kwa kuwa katika utabibu wa Kichina inahesabiwa kuwa huharibu mimba. Kila mara miski inapotajwa, iwe katika udi, dawa ya kupaka au kifuko, simamisha picha, andika ni nani aliyekileta kitu hicho na nani aliyepewa. Majibu mengine huja baada ya sehemu nyingi sana, na bila daftari hutakumbuka swali.

Kuhusu saa, wahusika hutumia saa za kale za Kichina, kumi na mbili kwa siku nzima, kila moja sawa na saa mbili zetu. Ile inayoitwa *zi* huanza saa tano usiku. Ukiambiwa amesubiri "saa moja" nje ya mlango, fahamu kwamba huenda ni mbili.

Onyo: usisome muhtasari wa hadithi popote. Tamthilia hii imezungumzwa kwa zaidi ya miaka kumi, na watu hutaja vifo vya wahusika kana kwamba kila mtu anavijua.

*Dalili ya kufaulu:* mwishoni mwa sehemu ya kumi unaweza kutaja nani yuko upande wa malkia na nani yuko upande wa Hua Fei, na umeanza kuwa na wasiwasi kuhusu mmoja wa wale marafiki watatu.

## Hatua ya saba: Vuka eneo la katikati

Baada ya nusu ya tamthilia, Zhen Huan anaondoka kasrini. Sitasema kwa nini wala kwa njia gani. Mandhari yanabadilika, mavazi yanakuwa ya kijivu, fitina zinapungua, na kasi inashuka. Hili ni eneo la pili la watu kuachia, na huachia wakiwa wamekwishatazama zaidi ya saa thelathini, jambo linalonisikitisha kuliko wale wa sehemu ya sita.

Hapa badilisha utaratibu: tazama tatu kwa siku, upite haraka. Daftari lipumzike. Unachohitaji kukiangalia ni uso wa Sun Li peke yake, kwa sababu katika sehemu hizi hana taji wala vito vya kumsaidia, na mabadiliko makubwa ya mhusika yanatokea machoni. Atakaporudi, chukua tena daftari, futa vyeo vyote vya penseli na uviandike upya, kwa kuwa ngazi itakuwa imepangwa kwingine.

Ukifika hapo na ukaona umechanganyikiwa, usirudi sehemu ya kwanza. Rudi kwenye sehemu ya mwisho unayoikumbuka vizuri, hata kama ni tano tu nyuma. Kurudi mwanzo ndiko kunakowafanya watu waitazame nusu ya tamthilia mara nne na nusu ya pili wasiione kamwe.

*Dalili ya kufaulu:* Zhen Huan anaporudi, unamwogopa kidogo.

## Hatua ya nane: Chagua inayofuata

Aliyependa kasri atavutwa na The Legend of Mi Yue ya 2015, ya mwongozaji yuleyule, inayohusu malkia wa dola ya Qin zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Ushauri wangu ni kupumzika miezi miwili kwanza. Ukiitazama mara baada ya Zhen Huan utalinganisha kila tukio na utaionea, na mwanzo wake unamhusu Mi Yue akiwa mtoto, kabla Sun Li hajatokea. Liu Tao, anayeigiza kama dada yake Mi Shu, anatosha kuwa sababu ya kuendelea.

Aliyechoshwa na taji aende kwenye za kisasa. Katika I Will Find You a Better Home ya 2020, Sun Li ni meneja wa ofisi ya kuuza nyumba mjini Shanghai, na mama yake anamdai pesa bila kukoma. Kila mteja ana shida yake ya makazi, hivyo hata ukikosa sehemu moja hupotei. The Ideal City ya 2021 inamweka kama mkadiriaji wa gharama za ujenzi anayekataa kupindisha hesabu. Ni kavu kidogo, lakini mtu aliyefanya kazi ofisini ataitambua kila sura iliyomo.

Ukishamaliza hizo, itafute Jade Goddess of Mercy ya 2003, ambayo ndiyo iliyomtambulisha, akiwa polisi wa kupambana na dawa za kulevya huko Yunnan. Picha ni za zamani na maandishi ya tafsiri ni magumu kupatikana, ndiyo maana sikuiweka mapema. Mwongozaji wake ni Ding Hei, yuleyule aliyemrudisha miaka 14 baadaye akiwa Zhou Ying.